Marashi ya Sauti Nne

Kuna watu ambao ukiwataja unatabasamu kwanza. Huyu nikimtaja hushusha pumzi. Nimemfahamu tangu nilipoingia kwaya ya kanisa letu hapa Kikima nikiwa msichana wa sauti ya alto, na hadi leo, nikiwa fundi cherehani mwenye wajukuu, bado sijaamua kama nampenda au nimezoea tu kukasirishwa naye. Sote tulimwita Mwalimu wa Ogani. Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho chake, na likae huko huko.

Ogani yenyewe ni ya kukanyaga, ya mbao, iliyoachwa na wamishonari. Unakanyaga pedali mbili kwa zamu, sawa na cherehani yangu ya zamani, na upepo unajaa kwenye mfuko mkubwa ulio ndani, kisha unapita katika vipande vyembamba vya shaba na kuvitetemesha. Juu ya vibao vya kupigia kuna vifundo vya kuvuta. Ukivuta hiki inafunguka sauti nzito, ukivuta kile inafunguka sauti nyembamba. Hakuna mtu mwingine Mbooni nzima aliyejua kuipiga vizuri. Yeye alilijua hilo, na hapo ndipo taabu zetu nyingi zilipoanzia.

Alikuwa na pua. Simaanishi kubwa. Namaanisha kwamba hakuna kilichompita kabla hajakinusa: kitabu cha nyimbo, kikombe cha chai, barua, mkono wa mgeni aliyemsalimia. Wakati wa mazoezi alikuwa akisimamisha wimbo katikati na kuwaambia watu wa sauti ya tena kwamba wanaimba moshi wa kuni mbichi, au kuwaambia soprano kwamba leo wananukia sabuni ya mche na hakuna kitu kingine. Tulicheka tukidhani ni mzaha. Alikuwa hatanii. Kwake sauti na harufu vilikuwa kitu kimoja, kwa kuwa vyote viwili haviendi popote bila upepo, na aliyeshindwa kuelewa hilo alihesabiwa kuwa amekuja kwaya kutafuta mchumba.

Alitusimulia mara nyingi, na kila mara kana kwamba hatujasikia, jinsi alivyopelekwa Nairobi kwenye harusi ya jamaa yake katika kanisa kubwa la mawe lenye ogani ya mabomba. Ibada ilipokwisha, maharusi wakatoka, watu wakatoka, yeye akabaki ameketi. Walipomfuata akawaambia wanyamaze, sauti bado iko kwenye dari. Walikosa kupiga picha ya ukoo kwa ajili yake. Alirudi Kikima na wazo moja ambalo halikumtoka tena, kwamba ogani yetu ndogo haiwezi kuacha sauti darini kwa sababu paa letu ni mabati na mabati hayana subira, lakini kinachoweza kubaki hewani baada ya wimbo kwisha ni harufu. Basi akaamua kutengeneza marashi ya uvumba yatakayofanya kazi ile ya ogani kubwa.

Na huyu ni mtu aliyechukia marashi. Wasichana waliojipulizia vitu vya kopo aliwaamuru wakae mbali na ogani, tena mbele ya watu. Yeye mwenyewe alioga kwa sabuni ya kufulia na kujipaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Nilipomuuliza marashi yake yatavaliwa na nani, alinitazama kana kwamba nimetia chumvi kwenye chai yake.

"Hii haivaliwi, mwiitu," akasema. Alizoea kuniita hivyo, binti, na hakuacha hata nilipozeeka. "Hii inapigwa."

Lazima nieleze pia kwamba alikuwa mzee wa kanisa, na mkali kuliko wote. Kwetu mshirika akikosa huwekwa chini ya nidhamu. Hashiriki Meza ya Bwana, haimbi kwaya, hashiki kazi yoyote, na huketi benchi la nyuma mpaka siku atakaposimama mbele ya washirika na kutubu kwa mdomo wake, akitaja kosa kwa jina. Mwalimu aliamini jambo hilo kwa moyo wote. Alimpeleka benchi la nyuma mpwa wake mwenyewe kwa ajili ya pombe. Alimpeleka mwenyekiti wa kwaya kwa kucheza dansi harusini, na mtu yule alipokuja kutubu akasema "kama nimemkosea yeyote," Mwalimu alisimama akamwambia arudi aketi, hilo halikuwa toba, ataje alichofanya. Tulimwona mgumu mno. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba alikuwa na sheria moja ya wengine na nyingine yake.

Mtu huyo huyo, ambaye hakutaka hata kunywa chai kwenye kanisa la dhehebu jingine, alifunga safari hadi Kitui mjini akaketi kwenye mkeka wa mama mmoja Mwislamu, wa familia iliyotoka Pwani zamani, aliyeuza udi nyuma ya soko. Mama huyo ndiye aliyemfundisha kwamba ubani haupelekwi mbio, kwamba makaa yakiwa makali harufu inaungua kabla haijatoka, na kwamba nyumba yenye udi mwingi ni ya watu waliogombana. Nilifuatana naye mara moja nilipokwenda kununua vitambaa. Mama alimtania kwamba ananukia Ijumaa lakini anaswali Jumapili, na Mwalimu, ambaye sisi hatukuthubutu kumtania, akacheka hadi akakohoa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimenuna. Miaka yote ile ya kwaya hakuwahi kucheka nasi hivyo.

Ubani na manemane alivifuata Mutomo, siku za soko, kwa akina mama wafugaji wanaovikwangua kwenye miti huko nyikani. Alirudi amejaa vumbi, ananuka mbuzi, na mfukoni ana vidonge vya utomvu alivyofunga kwenye leso. Kisha aliingia jikoni kwa mkewe. Mkewe tulimwita Mama Mwalimu, mwanamke mpole kwa wote isipokuwa mumewe, na sikumlaumu. Sufuria zake zilichukuliwa moja baada ya nyingine. Ugali wa nyumba ile ulikuwa na ladha ya manemane. Siku moja alikuja dukani kwangu kushonesha gauni la chama cha akina mama, akaketi kitini bila kuvua leso ya kichwa.

"Nyumba yangu inanuka mazishi ya Bwana Yesu," akaniambia. "Na hajafufuka bado. Tunangoja."

Hesabu ya Mwalimu ilikuwa hii. Wimbo una sauti nne, basi marashi nayo yawe na sauti nne. Soprano ilikuwa ganda la chungwa la Makueni, lililokaushwa kivulini. Alto ilikuwa nta ya nyuki. Sauti ya tena ilikuwa ubani, na besi manemane. Kila moja aliiloweka peke yake kwenye mafuta ya nyonyo, kwenye chupa yake, karibu na moto lakini si juu yake. Kisha alikuja kwangu, daima wakati nina sare za shule za kumaliza, akafungua chupa zote mezani na kuniuliza alto imepotelea wapi. Nilimwambia alto ipo hapa inafanya kazi. Hakusikia. Alitaka ninuse kisha niimbe sauti ninayoona imekosekana. Nilinusa, nikaimba, nikakosea, akatikisa kichwa na kwenda kumwaga kila kitu na kuanza upya. Sijui alimwaga mara ngapi. Najua kwamba baadhi ya aliyoyamwaga yalikuwa mazuri kuliko kitu chochote kinachouzwa madukani, na nilimwambia hivyo, na hakujali. Binti ya jirani aliyekuwa akifanya biashara ya vipodozi Kibwezi alimwomba amuuzie chupa chache tu ajaribu kuziuza kwa wasafiri. Alimfukuza.

Halafu akaniomba nimshonee vifuko. Vidogo, vya kitambaa cheupe cha pamba, vya kuingia kiganjani. Sikuuliza ni vya nini. Nilidhani ni vya mbegu, na kusema kweli nilikuwa nimechoka kuuliza. Kwenye cherehani kulikuwa na uzi mweusi kwa sababu ya sare, nikavishona kwa huo huo, nikampa.

Jumapili iliyofuata kanisani kwetu kulitokea jambo. Tulikuwa tunaimba wimbo wa polepole, ule wa kabla ya maombi, na Mwalimu alipovuta kifundo cha sauti nzito kitu kikapita juu ya vichwa vyetu. Hakikuwa moshi. Kilikuwa kizito na kitamu na cha huzuni kidogo, na ubeti uliofuata, alipofungua sauti nyembamba, kikawa chepesi, kama mtu amemenya chungwa chumba cha pili. Wimbo ulikwisha. Kile kitu hakikwisha. Tuliketi ndani yake na hakuna aliyekohoa. Nililia, nami si mtu wa kulia. Mchungaji wetu wa wakati ule, mzee sasa marehemu, alishindwa kuanza maombi. Mama mmoja alisimama akashuhudia kwamba Roho ameingia na amemnusa kwa pua yake. Jumapili ya pili walishuhudia wengine, na wazee wa kanisa nao, mmoja baada ya mwingine. Watu wakaanza kuja kutoka makanisa ya jirani. Mwalimu alikanyaga pedali zake, akatazama kitabu, akanyamaza. Alikuwa akingoja mtu amuulize.

Hakuna aliyeuliza. Waliogundua kwanza ni akina mama wa zamu ya usafi, waliofungua mgongo wa ogani kutafuta kiota cha panya na kukuta humo ndani vifuko vyeupe vilivyoshonwa kwa uzi mweusi, vimelowa mafuta, vimefungwa kimoja kimoja mbele ya safu za shaba, pale upepo unapopita. Mtu yeyote aliyekulia Ukambani anajua waliona nini: hirizi za mganga. Mmoja alipiga mayowe, mwingine akakimbia na ufagio mkononi. Kufikia jioni vifuko vilikuwa vimechomwa nje ya uzio huku wazee wakikemea kwa jina la Yesu, na moshi wake, nasikia, ulinukia vizuri hadi sokoni.

Tuliitwa mbele ya baraza la wazee sote wawili, yeye kwa kuviweka na mimi kwa kuvishona. Niliwaeleza kwamba nilidhani ni vya mbegu na kwamba uzi ulikuwa wa sare. Wakasema hata hivyo nitubu. Nikatubu. Nilisimama Jumapili nikasema natubu kushona vifuko bila kuuliza, nikaketi, na mwezi haukuisha nikawa nimerudi kwenye alto. Sioni aibu. Nina kazi, nina watoto, sina nafasi ya kubishana na baraza.

Yeye aliwaeleza kila kitu. Chungwa, nta, ubani, manemane, sauti nne, kanisa la Nairobi, dari. Alizungumza kirefu na kwa heshima, na nadhani hakuna mzee hata mmoja ambaye hakuelewa. Ndiyo sababu walikasirika. Walikuwa wameshuhudia mbele ya washirika, baadhi yao machozi yakiwatoka, na sasa huyu anawaambia yalikuwa ni mafuta ya nyonyo. Wakamtaka atubu kuingiza vitu vya kiganga katika nyumba ya Bwana. Akasema hakuingiza vitu vya kiganga, na toba ya kosa ambalo hukulifanya ni uongo mbele za Mungu. Wakasema basi atubu kuwahadaa watu. Akasema hakumhadaa mtu, ni wao walioamua ni Roho bila kuuliza, na hata sasa hana hakika kwamba walikosea. Hapo ndipo alipowauliza swali lake. Ile harufu ilikuwa nini? Kama ilikuwa ibada, waseme. Kama ilikuwa uchawi, waseme pia ni kwa nini waliishuhudia kuwa Roho. Wachague moja, naye atakubaliana na watakalochagua, hata kama ni kutubu. Hawakuchagua. Wakamweka chini ya nidhamu, akaenda benchi la nyuma kwa miguu yake mwenyewe, akaketi pale alipokuwa akiwaketisha wengine.

Nimeshasema kwamba alinichosha. Sasa ndipo uchovu wenyewe ulipoanza. Kanisa lilinunua kibodi, ikawa inapigwa na vijana, ina ngoma ndani yake zinazojipiga zenyewe, na wimbo wa polepole ukafutika kwetu kabisa. Ogani ilisukumwa kwenye stoo pamoja na viti vibovu. Na mimi, kila baada ya muda, nilipanda kile kilima hadi kwake kumsihi. Nilimtungia sentensi za kutubu ambazo hata malaika asingezipinga. Atubu kutoomba ruhusa. Atubu kumsumbua mkewe. Atubu chochote, mradi arudi apige, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa na nilimwona akishika kikombe kwa mikono miwili. Alinisikiliza, akanimiminia chai, kisha akaniambia kwamba mimi ni fundi, najua kutia kiraka, lakini hiki si kitambaa.

Nilikwenda pia kwa wazee. Nao walikuwa na lao. Atubu kwanza. Mama Mwalimu aliketi mbele na chama cha akina mama, hakugeuka nyuma hata Jumapili moja, na nyumbani alimpikia. Nilipomuuliza jikoni kama mumewe bado anatengeneza marashi, alisema sufuria zake zimerudi zote na angetamani zisingerudi.

Mwaka huu tukapata mchungaji mpya, kijana, mchangamfu, na jengo jipya likakamilika. Akatangaza kwamba siku ya kulifungua, wote walio chini ya nidhamu wanasamehewa kwa pamoja, hakuna cha kusimama wala kutaja. Akaniita akaniambia angependa ile ogani ya zamani iwekwe mbele na Mwalimu atupigie wimbo wa kufungulia. Sikulala kwa furaha. Niliitoa ogani stoo, nikafukuza mchwa, nikashona upya mfuko wake wa upepo kwa turubai na kuugandisha kwa gundi, nikakanyaga pedali hadi nikasikia sauti. Kisha nikapanda kilima kumpa habari.

Alikuwa nje kwenye kiti, amejifunga shuka miguuni. Nilimweleza yote.

"Wamenisamehe nini?" akauliza.

"Mwalimu, wamesamehe tu. Imeisha. Hata huhitaji kusema kitu."

"Hiyo ndiyo mbaya. Mimi nimeweka watu wengi kwa hiyo benchi. Hakuna mmoja alitoka hapo bila kujua ni nini alifanya." Akajaribu kukunja kidole na hakikukunjika chote. "Wakisema ilikuwa dhambi, nitatubu leo. Wakisema ilikuwa ibada, nitapiga mpaka vidole vikatike. Lakini wasiniambie haikuwa kitu."

Nilimwambia kwamba ana kichwa kigumu, kwamba atakufa na vidole vyake, na kwamba nimelala sakafuni nikigandisha mfuko wa ogani kwa ajili yake. Akanishukuru. Akauliza nilitumia gundi gani, akanusa mikono yangu, akasema itashika. Nilishuka kilima nikiwa sijui kama atakuja.

Alikuja. Alivaa koti lake la wakati wa kwaya na akaketi benchi la nyuma, ingawa katika jengo jipya mabenchi yote ni mapya na hilo halikuwa na maana yoyote ila kwake. Ulipofika wakati, mchungaji akamwita kwa maneno mazuri, akimtaja kama nguzo ya muziki wetu, na kanisa likapiga makofi. Mwalimu akasimama, lakini hakuja mbele.

"Asante, Mchungaji. Kabla sijapita niko na swali moja kwa kanisa. Ile harufu ya wakati ule. Ilikuwa Roho, ilikuwa uchawi, ama ilikuwa marashi tu ya mzee?"

Mchungaji alitabasamu. Hakuwepo wakati ule, hana kosa. "Mwalimu wetu, hayo yamepita. Leo ni siku ya furaha. Njoo utupigie."

Mwalimu hakuketi. Aliwatazama wazee waliokuwa mstari wa mbele, wale wale waliowahi kushuhudia, mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakatazama sakafu mpya. Mama Mwalimu aligeuka nyuma akamtazama mumewe. Nami nilikuwa nimesimama kando ya ogani, kifuniko kimefunguliwa, kitabu kiko kwenye wimbo, na sikuweza kuvumilia zaidi.

"Ilikuwa nzuri, Mwalimu," nikasema. "Ilikuwa nzuri sana."

"Najua," akasema. "Sikuuliza wewe."

Akangoja kidogo tena. Kisha akaketi. Mchungaji akamwashiria kijana wa kibodi, ngoma zikaanza kujipiga zenyewe, na watu wakaimba kwa shukrani ya kupata jambo la kufanya. Katika ubeti wa pili nilisikia besi kutoka nyuma. Hakuwa na kitabu. Aliimba beti zote, polepole kuliko ngoma zilivyotaka, hadi zikawa zinaonekana ndizo zimekosea, na hakuna kilichosikika mle ndani asubuhi ile kilicholingana na sauti yake. Mimi nilisimama pale na mkono juu ya ogani niliyoitengeneza, ambayo hakuja kuigusa. Kanisa zima lilikuwa limemsamehe. Mimi sikuweza.